Difu ya Akiba

Njinjo, Kilwa
Jumatatu, 15 Julai 2024

Kwako Baba yangu mpendwa, Mzee Ambrosi Likwata,

Shikamoo Baba. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa barazani kwa dada Stella, mguu umeunyoosha kama daktari alivyoagiza, na si umesimama getini unakagua magari ya majirani wa Rasbura. Stella ameniambia nyonga inaendelea vizuri na kwamba sasa unatembelea fimbo moja tu. Tumemshukuru Mungu sana. Sisi huku hatujambo. Mama hajambo, isipokuwa yale magoti yake ya siku zote. Ufuta wote umekatwa na kukung'utwa, na yule mbuzi mweupe uliyesema hana faida amezaa mapacha. Mama amesema nikuandikie hilo la mbuzi kabla ya mengine yote.

Nimeona niandike badala ya kupiga simu kwa sababu unajua mwenyewe tunavyoongea. Napiga kelele mpaka mtaa mzima unajua habari zetu, halafu unanijibu swali la jana. Na nililo nalo leo halifai kupigiwa kelele. Barua nimempa fundi Clemence, anayekuja Lindi kununua gaskiti, nami nimemsihi akukabidhi mkononi. Asimpe Stella, maana Stella ataisoma kwanza.

Nianze na habari njema ili moyo wako utulie. Pikapu yako inatembea. Juzi Jumamosi niliipandisha kile kilima cha kwa Mzee Boniface ikiwa na magunia kumi na mawili ya ufuta na akina mama wanne juu yake, haikusita wala kunung'unika. Nilipofika juu nilizima injini, nikateremka, nikakaa kwenye majani pembeni ya barabara na kulia kidogo. Wale akina mama walidhani nimeumwa na siafu.

Baba, nilikuwa na hofu kubwa tangu ile siku ya mwezi wa tano difu, lile bonge la meno linalozungusha magurudumu ya nyuma, ilipolia na gari likagoma. Ulishasema kwa kinywa chako kwamba hutapanda basi na nyonga hiyo, kwamba utarudi Njinjo kwenye kiti cha mbele cha gari lako mwenyewe au hurudi kabisa. Tena ukamwambia Stella kwamba difu ya akiba ikishindwa kufanya kazi, gari liuzwe chuma chakavu, nawe utazoea Rasbura. Ninavyokujua, unaposema hivyo hutanii. Kila nilipoitazama pikapu imekaa juu ya mawe uani, nilikuwa naona kiti chako mezani kiko wazi, na Mama anakitazama hicho hicho.

Clemence alipoifungua difu, alitoa vipande vya chuma kwa kiganja kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Lile gurudumu kubwa la meno la ndani, analoliita kraunwili, lilikuwa limekatika meno upande mmoja, mengine yamebaki visiki. Aliniambia pale pale kwamba halichomeleki, tutafute difu nyingine nzima. Hapo ndipo wewe ulipotuma agizo kwa Stella kwamba ile ya akiba iliyoko stoo ifunguliwe, ndiyo siku yake imefika. Nami nikajibu kwamba sawa Baba, tutafunga difu. Naomba uyakumbuke maneno yangu. Nilisema tutafunga difu, sikusema ipi.

Nilitafuta nyingine, Baba. Nangurukuru hakuna. Kilwa Masoko wana za magari mapya tu, na yule muuzaji alinitazama kama ninaulizia spea ya meli ya Wareno. Mwishowe nikaelekezwa kwa mtu mmoja wa Mtama, anaitwa Josephat, ambaye ua wake wote ni magari yaliyokatwa. Nilipompigia simu hakuuliza gari la mwaka gani wala rangi gani. Aliuliza meno mangapi. Akanieleza kwamba difu nyingi zinafanana kwa nje, bolti zinakaa sawa, shafti zinaingia, lakini meno ya ndani yanatofautiana, na ukikosea gari linabadilika tabia. Basi nikamwambia Clemence ahesabu.

Clemence akachukua chaki, akawa anatia alama jino moja moja, na vile visiki pia. Akiwa katikati ya kazi, Mzee Boniface akapita njiani. Sasa utafanyaje? Clemence aliinuka, akafuta mkono, akatoa shikamoo, akaulizwa hali ya mkewe, ya mama yake aliyeko Kipatimu, ya mvua, ya bei ya ufuta, naye akauliza ya upande wa pili yote, maana Mzee Boniface humsalimii nusu. Walipofika kwenye kuagana nilikuwa nimeshachuma mchicha wa jioni. Clemence akachuchumaa tena, akaendelea kuhesabu, akasema arobaini na tatu. Nikaandika kwenye kiganja cha mkono.

Tulikwenda Mtama kwa gari la jirani, nitakwambia baadaye la nani. Josephat alikuwa na difu iliyotoka kwenye haisi iliyogonga mti. Alisema haisi na pikapu yako wametoka tumbo moja, vitu vyao vya chini vinaingiliana. Akahesabu mbele yangu, arobaini na tatu. Nilikumbuka maneno yako kwamba gari lako halitavaa nguo ya gari jingine. Nisamehe, Baba. Niliinunua, nikaipakia, na njia nzima nilikuwa nageuka nyuma kuitazama.

Ilipofungwa, iliingia bila kubishana, bolti zote kumi. Lakini kwenye lami ya Nangurukuru niliona injini inapiga kelele mapema na gari halikimbii kama zamani. Clemence akaenda kuihesabu upya ile iliyovunjika, safari hii ameelekea ukuta, mgongo ameupa barabara. Arobaini na moja. Zile salamu za Mzee Boniface zilimwongezea meno mawili. Alishika kichwa, alitaka kulia, akasema yeye si fundi tena. Ndipo nikamwambia ngoja kwanza tujaribu kilima, na ndiyo hiyo Jumamosi niliyokusimulia. Kile kilima ulichokuwa unakipanda kwa gia ya kwanza huku abiria wakishuka kusukuma, sasa kinapandwa kwa gia ya pili na watu wamekaa. Kwenye lami tunapitwa na bodaboda, lakini mimi na wewe tuna haraka gani? Clemence sasa anatembea kijijini anasema alifanya makusudi.

Sasa Baba, naomba uketi vizuri.

Utakuwa umeshajiuliza kwa nini nilihangaika mpaka Mtama wakati akiba iko stoo, imefungwa kwenye mkeka, na wewe mwenyewe huifungua juu kila Pasaka ukaipaka grisi. Ukweli ni kwamba haiko. Miaka mitano iliyopita niliitoa mimi, mwanao Romana, nikampa Ibrahimu.

Najua ulivyolisoma jina hilo. Ni Ibrahimu huyo huyo, jirani, ambaye pikapu yake ni pacha wa yako na ambaye ulisema anapakia mzigo kama mtu anayehama. Unakumbuka gari lake lilivyokaa juu ya mawe mwezi mzima wa masika, difu imekufa, akaja kukuomba umuuzie ya akiba. Ulimkatalia mbele za watu. Ukamwambia chuma chako hakitakwenda kufia kwa mtu asiyejua kubadilisha oili. Wiki iliyofuata ulikwenda Lindi na pikapu kuchukua mbao, mvua ikakufungia huko siku nne.

Siku ya pili ya safari yako, Mwahija, mke wa Ibrahimu, alishikwa na uchungu tangu alfajiri. Mkunga alikuja saa mbili asubuhi akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali upesi. Bodaboda walikataa, barabara ilikuwa tope na mwanamke hawezi hata kukaa. Simu yako haikupatikana, nilipiga mara tisa. Ibrahimu alikuja kwetu, akasimama mlangoni, na hakuomba kitu, Baba. Alisimama tu. Mama ndiye aliyeinuka, akaenda stoo, akashika upande mmoja wa mkeka na kuniambia nishike wa pili.

Clemence alifunga ile difu kwa muda wa saa mbili na nusu, kwenye mvua, tumemshikia turubai. Saa sita gari liliondoka, mimi nikiwa nyuma nimemshika Mwahija kichwa. Jioni alijifungua salama kwa kupasuliwa. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu asingekuwa na la kufanya.

Tuliporudi nyumbani niliogopa sana. Difu mbovu ya Ibrahimu ilikuwa pale uani, nayo kwa nje ni sawasawa na yako. Tukaifuta, tukaifunga kwenye mkeka ule ule, na Mama akaushona kwa ukindu kama wewe ulivyokuwa umeushona. Nilipanga kukuambia ukirudi. Ukarudi na mbao na homa, nikaahirisha. Ulipoliona gari la Ibrahimu linatembea ulidhani amepata difu mjini, nasi hatukukusahihisha. Halafu Pasaka ikafika, nikakuona umepiga magoti stoo unaifungua juu, unaipaka grisi na kuipapasa, nikakosa ujasiri kabisa. Pasaka tano, Baba, umeilea difu iliyokufa ya mtu usiyempenda. Mama alikuwa anatoka nje. Alikuwa analia au anacheka, sijui, hajawahi kuniambia.

Ibrahimu alitaka kukurejeshea tangu mwanzo, mimi ndiye niliyemzuia kwa woga. Mwezi wa tano gari lako lilipokufa, alikuja na spana zake mwenyewe akiwa tayari kuivua. Nikamwambia tukivua, litabaki gari moja kijijini wakati wa ufuta, na wagonjwa watasubiri. Basi akaniendesha Mtama, kwenda na kurudi, kwa difu yako, na hakutaka hata nichangie mafuta. Halafu ujue anabadilisha oili yake kila mara. Nimeichungulia mwenyewe, ni safi kuliko yetu.

Mtoto aliyezaliwa siku ile ni Salima. Ndiye yule anayekuja kwako kila asubuhi na kikombe chake cha uji, anayekuita Babu Pikapu, unayempakata kwenye usukani apige honi mpaka Mama anafunga masikio. Tangu umeondoka anakwenda kukaa kwenye kiti chako garini, anasubiri. Nilipokuona umemzoea hivyo ndipo nikazidi kushindwa kusema, kwa sababu nilijiambia kwamba kumbe difu yako unaipakata kila siku.

Sitaomba radhi kwa kuitoa. Naomba radhi kwa kukudanganya miaka mitano, na kwa ajili ya grisi. Tangu nimeanza kuandika ukurasa huu nahisi kama nimetuliwa mzigo uliokuwa kichwani muda mrefu, na hata ukikasirika, nitalala vizuri leo.

Ukikasirika sana, mwambie Stella anipigie, nitaelewa. Asipopiga mpaka Ijumaa, Jumamosi tunakuja kukuchukua. Mimi nitaendesha pikapu yako polepole, kiti cha mbele tumekitandikia godoro dogo kwa ajili ya nyonga. Salima amekataa kubaki. Na Ibrahimu atatufuata nyuma na gari lake, iwapo letu litasumbua njiani. Hakuja kwa miaka mitano kwa sababu hakujua akusalimie vipi. Nimemwambia aanze tu na shikamoo.

Mama anakusalimu sana, anasema ile shuka yako ya bluu ameshaifua. Mzee Boniface anakusalimu, nami nimezifupisha salamu zake ili karatasi itoshe. Clemence utamwona mwenyewe, usimuulize habari za kuhesabu. Msalimie Stella na wanawe, na Mungu aendelee kukuimarisha mguu.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Romana Ambrosi

Nimesahau kitu kimoja. Difu zako zote mbili zimefanyiwa huduma na ziko tayari, Baba. Zinakuja kukuchukua.