Bosi Anataka Nguo Chafu

Kwa Dobi,
Nyuma ya kituo cha mafuta,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu kwanza, ugomvi utafuata. Hujambo? Kifua kimepoa, au bado unakohoa na kusema ni vumbi tu? Unakula chakula cha maana, au ni mkate na chai asubuhi mpaka jioni kwa kuwa wifi yangu hayupo tena kukukemea? Sisi huku wazima. Shemeji yako mzima, watoto wazima, hata pasi yangu nzima. Kichwa changu ndicho kibovu, na aliyekiharibu ni mbwa wako, ambaye hata hajafika.

Barua yako niliielewa vizuri. Kazini wanakuhamishia bweni la kampuni, mbwa hawaruhusiwi, na mwisho wa mwezi lazima utoke kwenye hiyo nyumba. Nisipomchukua Bosi, ataenda kwa yule mlinzi wa ghala anayefunga mbwa wake kwa mnyororo kutwa nzima. Mbwa aliyelelewa na marehemu wifi, akamlalia miguuni mpaka siku ya mwisho, leo afungwe ghalani? Nilisema namchukua kabla sijamaliza kusoma. Lakini usidhani ni kazi nyepesi. Afadhali ungeniletea tembo, ningejua moja.

Nianze na hizo nguo. Uliniambia nikutumie nguo walizovaa watoto, ili Bosi azinuse na kuzoea harufu zao kabla ya safari. Nikakutumia, na wewe ukanijibu kwa kunicheka ukurasa mzima. Haya, nilizifua. Nikatia wanga, nikapiga pasi, nikakunja. Ulitaka nifanyeje? Mimi ni dobi, baba! Mzigo wa nguo chafu utoke nyumbani kwangu, upite mikononi mwa kondakta na wapokea mizigo, waambiane kwamba yule mama za watu anafua, za wanawe zinanuka? Mkono ulikwenda wenyewe kwenye beseni. Na kama Bosi alinusa akapiga chafya, hilo ni tatizo la pua yake.

Safari hii nimejikaza. Mzigo huu ni mchafu kwelikweli, na nimeufunga nikiwa nimegeuza uso.

Shemeji yako naye kanishinda. Amejenga banda kule kwenye karakana yake ya kuchomelea, na kusema kweli ni zuri, lina paa la bati na kidirisha cha nondo. Wakalileta kwa mkokoteni, wanaume wazima wanahema, na halikupita getini. Hakupima! Mtu anayepima mageti ya watu kila siku ya Mungu, la kwake hakulipima. Sasa banda limekaa mtaani, kuku wa jirani wamehamia humo, na bwana anasema dawa ni kulikata geti. Nimemwambia akiligusa geti langu, atalala na hao kuku.

Watoto ndio usiseme. Profesa, huyu mkubwa, kila kukicha ana mhadhara. Amesoma mahali kwamba mbwa mgeni hatazamwi machoni, basi tangu siku hiyo wanatembea humu ndani wakitazama sakafu na kugongana vichwa. Injini, anayemfuata, ameapa atamlisha, atamwogesha, atamtembeza, yeye huyo huyo ambaye kikombe chake cha asubuhi nakiokota jioni chini ya kiti. Nikauliza, na mavi ataokota nani? Ghafla kila mtu akakumbuka ana kazi za shule.

Hayo yote ni kelele tu. Linaloniuma ni la Kidoti.

Unamjua kitinda mimba wangu, si mwongeaji. Tangu mbwa wa pale duka la mikate walipomkimbiza akaanguka, mtaa ule hapiti tena, hata umvute. Hilo nililijua, nikasema aa, atazoea. Juzi Profesa akatangaza mazoezi. Injini akawa mbwa, akatambaa kwa magoti huku anabweka. Mimi nilikuwa uani naanika mashuka, nikasikia ukelele, nikaingia mbio. Namkuta Kidoti yuko juu ya meza yangu ya pasi, amekanyaga mashati ya mwalimu mkuu niliyokuwa nimetoka kuyanyoosha. Mdogo wangu, nilifoka! Nikawafukuza wale wawili nje. Yeye nikamwambia ashuke, hakushuka. Amekumbatia shati la watu, analia mpaka kwikwi.

Akaniuliza, "Mama, kwa nini ulimpelekea mbwa gauni langu bila kuniambia? Sasa ananijua. Akifika ataanza na mimi."

Tumegawana kazi, tumejenga banda, tumegombana mpaka juu ya rangi ya bakuli, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza huyu mtoto kama anamtaka mbwa. Kumbe muda wote huo yeye alikuwa anasubiri kuliwa.

Nikamwambia gauni lile nililifua, Bosi hakunusa chochote ila sabuni. Akanitazama. "Kwa hiyo hanijui?" Hakujui kabisa, nikamwambia. Akashuka mezani mwenyewe, akaenda kunawa uso. Basi kule kufua kwangu ulikokucheka, ndiko kulikomtuliza mwanangu. Endelea kucheka.

Shemeji yako ananishauri nichukue nguo yoyote ya Kidoti kapuni, hatajua. Ni kweli hatajua. Nguo chafu zote za nyumba hii zinapita mikononi mwangu, ningeshindwa nini? Lakini sitaki. Nimempa neno langu kwamba nguo yake haitoki humu mpaka aitoe kwa mkono wake, na Bosi hapandishwi gari mpaka nguo hiyo ikufikie. Ndiyo, nimesema hivyo, na mwisho wa mwezi naujua kama wewe. Ukitaka kukasirika, kasirika, mimi nimekutangulia. Nampenda Bosi kwa ajili ya marehemu, lakini siwezi kumpa nyumba kwa kumfanya mwanangu aogope kuingia kwao. Asipotoa, Bosi ataenda kwa mlinzi, na mimi nitalia, lakini ataenda.

Kwa hiyo humo utakuta shati la shule la Profesa, fulana ya mpira ya Injini (uifungulie nje), ovaroli la shemeji yako na aproni yangu. Ya Kidoti haimo.

Nisalimie shangazi, umwambie magoti yake ninayaombea. Msalimie na jirani yako fundi viatu, nashukuru anavyokuangalia. Ukipita kaburini kwa wifi, mng'olee majani na umwambie dada mtu anajitahidi, ila anasumbuliwa. Shemeji yako na wapwa zako wote wanakusalimu. Mungu akulinde huko bwenini, akuondolee hicho kikohozi na akupe wenzako wasiokoroma.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa nimefura,

Dobi

Nyongeza: Mzigo ulikuwa umeshafungwa. Kidoti alikuja akasimama nyuma yangu, akaniangalia ninavyokaza kamba. Kisha akaketi sakafuni, akavua soksi moja, akaniwekea mapajani. Ana masharti. Umnusishe Bosi akiwa amefungwa, na umwambie mwenye soksi hii ni mdogo. Ya pili amebaki nayo mguuni, anasema hiyo ataivua siku akimwona kwa macho na kuridhika. Nimefungua mzigo upya na kuiweka juu kabisa. Ina tope mpaka kisiginoni. Mikono iliniwasha, lakini sijaifua.