Mkono wa Mwisho Kwenye Gurudumu

Nyumbani,
Chumba cha juu ya gereji.
Jumapili, 9 Juni.

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti lililokusumbua wakati wa baridi limeanza kukusikiliza. Bado unakwenda kazini kwa miguu, au umekubali kupanda basi kama watu wazima wenzako? Sisi huku hatujambo. Baba anakohoa kidogo asubuhi, kisha anasahau kukohoa mpaka kesho yake. Mama ni mzima, na ulimi wake ni mzima zaidi.

Najua ulitegemea simu. Lakini kwenye simu wewe husema na mimi huitikia, na nikishakata ndipo maneno yangu yanapokuja. Nivumilie basi, maana nataka kukueleza tulichoamua kuhusu magurudumu ya gari lako (kaka analiendesha, lakini hapa bado ni gari lako), na kwa nini sikufuata ushauri wako.

Mama alikusimulia kwa machozi yaliyotokea kwenye uwanja wa mbio, kwa hiyo mimi nikusimulie kwa macho makavu. Kaka alikuwa akizunguka vizuri. Kwenye kona ndefu iliyo karibu na jukwaa usukani ulianza kumtetemekea mikononi, akapunguza mwendo, akatoka polepole akasimama kwenye nyasi. Tulipofika tulikuta gurudumu la mbele la kushoto limelegea. Bolti moja ilikuwa imekatika shingoni. Nyingine ilikuwa inazunguka tu kwenye tundu lake bila kukaza chochote, kwa sababu meno ya uzi wa ndani ya habu, kile kitovu cha chuma kinachobeba gurudumu, yalikuwa yamelika. Kaka hakupata hata mchubuko. Mama alilishika gurudumu, akalitikisa, kisha akasema mbele ya watu wote kwamba siku kaka atakapopanda tena gari hili kwa mashindano, yeye atalala barabarani mbele yake. "Anayetaka kupita apite juu ya tumbo lililomzaa." Unamjua dada yako. Hatanii.

Kaka alinivuta pembeni, akaniita kwa jina. "Kimya, wewe ndiye uliyesomea vyuma. Nitafutie jibu ambalo mama atalikubali. Nisipoendesha nitakonda nife." Alicheka aliposema hivyo, lakini mikono aliificha mifukoni.

Wewe ulisema turudishe bolti za kiwandani, mpya, na mjadala ufungwe. Ulisema aliyeliunda gari hakuwa mjinga, na kwamba stadi, zile nondo fupi za uzi zinazofungwa kwa nati, ni mapambo ya vijana. Neno lako nimelitafakari kuliko unavyodhani. Kwa gari la kwenda sokoni na kurudi, una haki kabisa: bolti inaingia kwenye habu, inakazwa, na huenda isiguswe tena mpaka tairi liishe. Lakini la kaka halipumziki. Kila tukienda uwanjani tunavua magurudumu, tunaangalia breki, tunabadili tairi, tunayarudisha, na kila mara bolti inaingia na kutoka kwenye uzi uleule wa habu, mara nyingi chuma kikiwa bado na joto. Uzi huo ukifa, habu nzima imekufa.

Stadi unaifunga kwenye habu mara moja, kwa gundi ya kushikilia uzi, inabaki imechomoza hapo kama kigingi. Gurudumu unalitundika juu yake bila kulikumbatia huku ukitafuta tundu kwa jicho moja. Kinachofunguliwa na kufungwa ni nati tu. Uzi ukichoka unatupa stadi na nati, habu inabaki salama.

Kwa hesabu hiyo stadi zilishinda, na ningeweza kukuandikia sentensi mbili nikalala. Lakini kuna kitu kilinikereketa. Uzi uliolika ulieleza ile bolti iliyozunguka. Haukueleza ile iliyokatika shingoni.

Nilizisafisha bolti zote za zamani, nikazipanga mezani pembeni ya ile ya akiba ambayo haijawahi kufungwa. Zilikuwa ndefu kuliko mwenzao. Si sana, unene wa ukucha, na shingo zao zilikuwa zimekonda kama ubani wa kutafuna ukivutwa. Chuma hakirefuki chenyewe, mjomba. Kinarefuka kikivutwa kupita uwezo wake. Nilikaa nazo, nikijiuliza ni nani katika nyumba hii mwenye nguvu za namna hiyo. Halafu nikacheka peke yangu, na kicheko chenyewe hakikunipendeza.

Ni sisi sote. Unakumbuka ulivyotuzoesha kwamba mtu wa nyumba hii haondoki safari mpaka ndugu yake amevuta wili spana mara moja kwenye magurudumu yake? Mkono wa baraka, ndivyo ulivyouita, na tuliupenda tangu utoto. Sasa fikiria uwanjani. Kaka anakaza. Baba anapita: "Umekaza?" "Nimekaza, baba." "Ngoja nihakikishe." Na baba anahakikisha kwa kuukanyaga mpini wa spana kwa mguu. Anakuja wifi, anavuta, kwa sababu ni mume wake. Ninakuja mimi, navuta, kwa sababu nimemwona wifi akivuta kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika simu. Wa mwisho ni mama, anayevuta huku anaomba dua, na mwenye dua hana haraka. Hakuna aliyekosea peke yake. Tulimpenda kaka kwa zamu mpaka bolti ikakatika.

Niliwaeleza mezani. Baba akasema bolti za siku hizi zinatengenezwa kwa makopo. Kaka aliuma mdomo asicheke. Nikasema hata stadi zitavutika zikikanyagwa kwa mguu, maana stadi inaiponya habu, haiiponyi mikono yetu. Tukitaka aendeshe, lazima mkono uwe mmoja, na uwe na spana ya kipimo, ile inayolia tak! nguvu ikitosha. Ikishalia, basi, hakuna nyongeza.

"Mkono wa nani?" baba aliuliza.

"Wangu."

Si jambo jepesi kuwaambia wazazi wako waondoe mikono yao kwa mtoto wao.

Mama hakubisha, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliangalia viganja vyake, akauliza, "Na mimi nitashika nini?"

Nilizunguka na swali lile siku kadhaa, nikifunga habu mpya na stadi zake, nikihakikisha mdomo wa nati unalingana na tundu la rimu, maana nati ya duara kwenye tundu la pembe inakaza uongo. Mikono ilikuwa kazini, akili ilikuwa kwa mama. Jibu lilikuja nilipomkuta wifi dirishani anapaka kucha rangi. Mafundi wana njia yao: nati ikishakazwa, unachora mstari mmoja wa rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye rimu. Nati ikisogea hata kidogo, mstari unakatika.

Nilimwomba mama awe mchoraji. "Mimi naweza kukosea," nilimwambia. "Ukiona mstari umekatika, gari haliondoki, baba aseme asemavyo."

"Hata wewe ukisema?"

"Hata mimi."

Akanyoosha mkono, akaichukua ile chupa ya rangi ya wifi.

Jana tulikwenda. Nilikaza peke yangu, wengine wamesimama mikono nyuma kama wanafunzi waliochelewa. Baba alikuwa anatazama mawingu kwa juhudi. Kisha mama akapita gurudumu kwa gurudumu, miwani puani, akichora kwa rangi nyekundu.

"Gari la mashindano lina kucha nyekundu," kaka alilalamika. "Wenzangu wataleta posa."

"Wakileta nitaipokea. Nyamaza, usinitetemeshe."

Kaka alizunguka, mjomba. Sikuliona gari, niliona gurudumu la mbele la kushoto tu, kila lilipopita. Aliporudi tuliacha vyuma vipoe, kisha mama akapiga magoti. Alichukua muda. Nilikuwa na spana mkononi na sikuwa na ruhusa ya kuitumia mpaka aseme. Nilijua kwamba akitikisa kichwa, kaka hataendesha tena, na hakutakuwa na mtu mwingine wa kulaumiwa.

"Yote imenyooka," alisema.

Nikapitisha spana kwenye kila nati. Tak, tak, kote. Nilipogeuka kumwonyesha, mama hakuwa nyuma yangu. Alikuwa amefungua mlango wa gari lako, ambalo hajalikaribia tangu siku ile, amekaa kiti cha mbele, anahangaika na mkanda.

"Nirudishe nyumbani," alimwambia kaka. "Lakini polepole. Mimi sina spea."

Nina ombi moja. Ukipiga simu, usimuulize baba kama amehakikisha. Anajizuia kwa taabu, usimchokoze. Muulize mama habari ya mistari yake. Atakueleza mpaka salio likuishie. Na kama bado unaona nimekosea kuhusu stadi, niambie bila kunihurumia.

Nisalimie mkaza mjomba na binamu zangu, hasa yule mdogo mwenye pengo. Baba, mama, kaka na wifi wanakusalimu sana. Mola aweke mkono wake kwako mahali ambapo yetu haifiki.

Mpwa wako akupendaye na kukuheshimu,

Kimya