Wembe wa Baba Mkwe

Kwaru, kwaru, kwaru. Alfajiri, umeme hamna, nikajua ni panya jikoni. Nikabeba ndala, mwanangu mgongoni.

Si panya, mwenzangu. Ni BABA MKWE!! 😭 Kachuchumaa, anasugua wembe wake wa kukunja kwa dawa ya meno.

Kutu! Kinyozi mstaafu yule yule aliyenicheka mwezi mzima nilipomwambia unyevu wa huku hauchezewi: wembe ukaushwe, upakwe mafuta, usilale bafuni ndani ya mfuko wa ngozi. "Hiyo shule yako ya jioni imekufundisha kunyoa?" Mbele ya watu!

Na saa tatu amnyoe shemeji, bwana harusi, kitinda mimba wake. Alishatangaza kwa ukoo mzima.

"Mwanangu, nisaidie," machozi yanamtiririka. Mwanangu! Mimi!! Jana nilikuwa "huyu".

Nikamhurumia. Tukasugua taratibu, nikaukausha kwa nepi safi, nikaupaka mafuta ya mtoto. Ukang'aa.

"Usimwambie mtu." Nikaapa.

Saa tatu, sebule imejaa, shemeji kidevu laini kama yai. Shangazi akauliza, kaka, wembe wako haushiki kutu?

Mzee, bila haya: "Miaka arobaini naupaka mafuta kila siku. Vijana hawasikii." Akanitazama MIMI. Vijana hawasikii!! Niliung'ata ulimi nusura niukate, maana nimeapa.

Lakini mwanangu hakuapa. Akatoa mkate mdomoni, akasema kwa sauti, "Babu alikuwa analia jikoni."