Kitambaa Chenye Picha ya Mtungi

Mke mwenzangu,

Maharage nimeshayaunga, yapashe tu. Mlango wa nyuma usukume kwa bega, umeanza tena ukaidi wake. Mimi nimekwenda kliniki kuchukua dawa ya macho.

Sasa hilo la asubuhi. Mjukuu wangu, sikuelewa na bado sielewi. Jana uliniletea kitambaa cha pamba kutoka duka la makumbusho, kina picha ya mtungi wa kale. Ukasema, “Bibi, hiki cha jikoni.” Leo nikafutia sufuria. Ukapiga kelele, “Bibi jamani, hicho ni cha kutundika!” Ukaondoka hata chai hujanywa.

Nimekaa nacho mapajani nikijitegea kitendawili: ni cha jikoni, lakini hakigusi chungu. Nimeshindwa, nakupa mji.

~~Nimekitupa.~~ Nimekifua mara tatu, kiko kambani. Masizi yamegoma kutoka chini ya mtungi, utadhani umepikiwa kweli. Usininunie.

Tangu niolewe, kila nilicholetewa jikoni kilikuja na kazi yake: mwiko, ndoo, hata ile blenda ya baba yako. Hakuna aliyewahi kuniletea kitu cha kutazama tu. Ningekijuaje?

Kama bado unataka kiende ukutani, misumari imo kwenye kopo la vifungo. Nyundo siioni, tumia mchi. Kitundike mkabala na kiti changu, nijifunze kukitazama.

Chai yako imo kwenye chupa.

Bibi yako