Waliopimwa Mezani kwa Mama

Mama yangu, shikamoo.

Kuna sauti moja haijanitoka masikioni: krrraaa, ile ya kitambaa cha mashine ya presha kikibanduliwa mkononi mwa mtu, na baada yake sauti yako, tulivu kana kwamba unagawa uji: "Haya, anayefuata."

Nitaifikia. Kwanza, miguu inaendeleaje na baridi ya Busokelo? Mvua imewaachia hata siku moja ya kuanika? Huku Mtoni mie ni mzima, joto tu ndilo linanionea. Barua hii nampa kondakta wa basi pamoja na mzigo, maana kwa simu haya yote yangekatikia njiani.

Kazi yangu pale kliniki unaijua: nasoma vipimo vinavyotumwa na wagonjwa walio mbali. Vyako navisoma kwa macho mengine. Kwa kuwa mtandao wa kijijini ni wa kubahatisha, namba za mashine yako zinakaa kwenye simu mpaka wifi Tusa apande nayo hadi kibanda cha kupimia majani ya chai, ndipo zinanifikia zote kwa mkupuo. Nikiziona najua umeamka. Zisipokuja, nashinda nikiitazama simu. Ndiyo maana nilikodi chumba cha pili na kukununulia kitanda, nikikusihi uhamie huku karibu na hospitali, na wewe kila mara ukinijibu, "Nitaangalia."

Basi namba zako zikaanza kucheza. Asubuhi presha iko juu kwa kutisha, muda mfupi baadaye ni ya msichana, kisha inapanda tena. Nikampelekea Daktari.

"Mama yako anabebaga magunia?" akauliza.

"Habebi kitu, Daktari."

Akaanza kumwandikia muuguzi wa zahanati yenu akuongezee dozi. Katikati ya sentensi akasimama. "Hebu mpigie kwanza."

Nikapiga nikaweka spika. Simu ikapokelewa na kuachwa mezani, nadhani, kwa sababu hakuna aliyesema haloo. Nikasikia vikombe, mtu akikohoa, halafu krrraaa. "Haya, anayefuata."

"Mama! Kuna nani hapo?"

"Wageni tu, mwanangu."

"Wanafanya nini?"

"Wanapimwa. Sasa mtu apande mlima wote huu, aione mashine mezani, nimnyime? Chai nimempa, presha nimnyime?"

Nyuma yako nikamsikia Mama Lusajo, na sauti yake ile ya kwaya: "Mwambie Sekela atume kitambaa kipana! Hiki kinanibana kama kimekamata mwizi!"

Daktari alicheka hadi akavua miwani. Mie sikucheka. Nilikuwa naiona ile dozi ikikuangusha kwenye utelezi wa njia ya kisimani, wakati presha yako mwenyewe imetulia siku zote. Nikawa nawaza pia kwamba miezi yote hiyo nilidhani nakuona, kumbe nilikuwa naona kijiji kizima kimepanga foleni ndani ya jina lako.

Daktari akaacha kucheka kabla mie sijaanza. Alikuwa amerudi kwenye namba. "Huyu wa kwanza kila asubuhi ndiye wa juu kuliko wote. Muulize ni nani."

"Wa kwanza?" ukasema. "Si ni wifi yako Tusa. Anaijaribu mashine kwanza, ndipo mie nakaa."

Akaichukua simu mkononi mwangu. "Mama, shikamoo. Huyo mkweo ana mimba?"

Nikasikia ukisogeza kiti mbali na wageni. Najua kwetu tumbo halitangazwi mpaka lijitangaze lenyewe, tena kwa mwanamume usiyemjua, tena mbele ya wageni. Nilitaka kupiga kelele. Ukasema polepole, "Ndiyo, baba." Akakwambia presha ya juu hivyo na mimba havikai pamoja, apelekwe hospitali leo, si kesho, na mtandao ukakata kabla hujajibu.

Sikujua kama ulisikia. Aliyekuwa akipanda mlimani na simu ni yeye Tusa mwenyewe. Nani angenipa habari? Nilikaa na hofu hiyo mpaka kesho yake mchana, ilipoingia namba moja tu, yako, na ujumbe wa kaka Ambakisye: "Tusa nimempeleka kwa bodaboda. Amelazwa. Wanasema tungechelewa kidogo tu, tungempoteza."

Na sasa yuko nyumbani na binti, mdogo lakini ananyonya. Mama, ungekuwa mchoyo wa mashine, Tusa asingethubutu kuishika. Ndaga fijo. Sina neno la asante kubwa kuliko hilo la kwetu.

Ndani ya mzigo kuna kitambaa kipana. Daktari amekubali namba za kila anayepimwa zitumwe kwa jina lake, na anaomba wageni wakae kwanza, wapumzike na ule mlima, ndipo mkono unyooshwe. Chai iwe baada ya kipimo.

Nisalimie wifi na umbusu mtoto kwa niaba yangu. Kaka Ambakisye, ambaye sasa ndiye mpanda mlima, mwambie simu aifunge kwenye nailoni. Mama Lusajo mwambie mwizi ameachiwa.

Jambo la mwisho. Nilimsimulia mwenye nyumba wangu, Bi Zuhura mwenye duka la hapa chini, nikasema sasa lazima uje huku. Akaniangalia. "Umuhamishe mama'ko, na hao wengine wakapimwe wapi?" Nikapanda chumbani nikakaa juu ya kile kitanda nilichokununulia.

Leo asubuhi kimebebwa. Nimempa mjukuu wa Bi Zuhura anayeolewa, na ufunguo wa chumba cha pili nimeurudisha. Kaa hapo mezani kwako, Mama.

Mwanao,
Sekela