Mchanga wa Kilo Sitini na Mbili

Jumatatu, 6 Mei

Imekwisha! Mikono yote minane ya sasipensheni, ile vyuma inayoshikilia matairi, iko kwenye gari — miwili kila tairi. Miezi saba ya kukata vielelezo vya maboksi, kubana pini, kupima, kutupa, kukata tena. Nimeegemea kona moja kwa nguvu zangu zote: tairi likabaki wima, wima kabisa! Nikapiga vigelegele peke yangu uani. Mama akachungulia dirishani kuuliza nani kaolewa.

Kaka alisimama mikono nyuma, fundi wa malori kwa miaka thelathini sasa, akaguna. Eti gari la viti viwili la kujiundia nyumbani linataka mikono minane ya nini? Zile ekseli za pikapu si zipo, zimeegemea ukuta? Bolti chache, safari. Eti nimezoea kutengeneza meno ya bandia, sasa nadhani hata gari lina fizi. Mchagua jembe si mkulima, akamalizia.

Tutaona!

Jumatano, 8 Mei

Tumeafikiana. Jumamosi, majaribio kwenye maegesho ya lile ghala lililofungwa. Ndoo sita, gari lipite katikati yake kwa kuzungukazunguka. Likitulia, mikono yangu inabaki. Likiyumba, Jumapili saa nne asubuhi anawasha grinda, anaikata yote, anaweka ekseli zake. Fremu ni moja, yetu sote wawili. Nimekubali. Nimekubali huku nacheka! Kichaa mimi.

Jioni tukapanga kimo cha gari kutoka ardhini. Lazima lipimwe likiwa na dereva, lakini dereva ndiye mimi, na mimi nimelala chini na spana. Basi gunia la mchanga linakaa kitini badala yangu. Kaka akauliza: Unyoya, una kilo ngapi siku hizi? (Unyoya ni jina la utotoni. Nilikuwa mwembamba. Nilikuwa.) Nikasema sitini na mbili. Ilitoka yenyewe, laini. Akapima mchanga, akashona mdomo wa gunia, akaandika 62 kwa wino, akatia sahihi. Nikarekebisha mkono mmoja mmoja mpaka matairi yote manne yakakaa ninavyotaka. Uzuri ulioje!

Ijumaa, 10 Mei

Kazini nimepanga meno ya juu ya mteja huku naimba. Daktari kaomba nipunguze sauti.

Jumamosi, 11 Mei

Aibu. Aibu tupu — na bado nacheka, sijui nina nini.

Nilianza mimi. Ndoo ya kwanza, safi. Ya pili, kabonde kadogo tu kwenye lami, stelingi ikanivuta kulia. Ya tatu nikaikokota chini ya gari mpaka ukutani. Kaka hoi kwa kicheko. Akaingia yeye na tumbo lake: vibaya zaidi! Akashuka akisema ekseli haiulizi nani kala nini.

Mama alikuwa kaja na kiti chake kutazama. Akaomba ajaribu naye. Miaka sabini na moja! Akakaza kilemba, akapita ndoo zote bila kugusa hata moja, akarudia kwa kasi zaidi, akipiga honi. Gari limetulia kama maji mtungini. Kaka akasema hiyo haihesabiki: Mama kaendesha basi la shule miaka ishirini, huyo hata kabati angelipitisha.

Lakini Mama aliposhuka akanishika mkono, akaninong'oneza. Wiki iliyopita walimpima kliniki — kilo sitini na mbili.

“Na wewe mwanangu, ule mchanga wako ulipimwa wapi?”

Mungu wangu. Nina sabini na tisa! Kilo kumi na saba za ziada, gari linakaa chini kuliko nilivyopanga, matairi yanainama, stelingi inajivuta yenyewe kwenye kila kibonde. Hesabu zangu hazikukosea hata unywele. Niliyekosea ni mimi. Njia ya mwongo ni fupi — yangu imeishia ndoo ya tatu.

Jumapili, 12 Mei. Saa tatu na nusu asubuhi

Grinda iko mezani, waya umeshachomekwa.

Nimeamka na ujanja: nikaze springi kimyakimya kabla hajaja. Lakini hata nikishinda hivyo, nitakuwa nimemjibu nini? Maana hoja yake nzito kumbe. Kifaa kinachodai ukweli namna hii, kinawafaa watu wa nyumba hii? Nataka kiwafae. Nataka sana.

Basi nimemwambia, mbele ya Mama: Kaka, ule mchanga haukuwa mimi. Akaniangalia kichwa mpaka miguu, midomo inamcheza. Akasema sawa, tunapanga upya, tunajaribu upya. Ila safari hii hapokei maneno. Mizani, hapa uani, na namba ataisoma kwa sauti. Mama akadakia: mficha uchi hazai, panda tu.

Tumetoa mizani ya chumbani kwa Mama — betri imekufa! Kaka katoka mbio kwenda dukani. Naandika nikiwa nimekaa ndani ya gari. Mikono ya mbele naiona kutoka hapa, inang'aa. Naipenda mno. Gunia jipya liko wazi, koleo tayari.

Geti linalia. Ni yeye — na majirani wawili nyuma yake! Kawaambia, mshenzi huyu!

Nimevua viatu. Nimevua hereni. Nimevua na saa.

Ah. Lakini mimi huendesha nikiwa na viatu.

Navivaa tena. Na hereni, na saa.