Wimbo wa Mwali Umeingia Kwenye Albamu Yangu

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada wako maana nimekwama. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, bado ananyonya, naishi Likunja, baba yangu alihamia huku na ng'ombe kutoka Usukumani, nikaolewa na Kornel ambaye ni Mmwera wa hapahapa. Napiga roki kwa gitaa la umeme, na albamu yangu nimeirekodi mwenyewe kwa simu ndani ya stoo ya korosho, magunia yakiziba mwangwi, mvua inasikika kwenye bati, mtoto analia, mbuzi anajikuna mlangoni, sauti inakwaruza lakini ni yangu na naipenda. Nikaiweka mtandaoni, wengine wakacheka eti "huyo anaimbia ndani ya debe", ila bodaboda mpaka Nachingwea wanaipiga, na Dastani mwenye studio huko kaniambia, "Minza, we dada ni noma, redio wanakutaka."

Sasa wimbo wa mwisho niliurekodi siku jirani wanamcheza mwali, mimi unyago sikuupitia, kwetu haupo, nikasikia kina mama wanaimba nyuma ya uzio, sauti tamu, zinaendana na gitaa, nikaacha simu iendelee. Kumbe maneno yale mwanamume hatakiwi kuyasikia! Kungwi mwenyewe, Bibi Mwamina, kausikia wimbo wao unatoka kwenye bodaboda. Akaja mlangoni akasema, "Mke wa Kornel, umetuvua nguo barabarani," akaondoka bila hata kumshika mtoto, na yeye ndiye aliyempokea nilipojifungua. Nikifika kisimani wanawake wananyamaza. Dastani anasema nisiuguse, huo ndio redio wanautaka. Nifanyeje, maana muziki siachi, na Bibi pia simwachi?

Minza, Likunja

Marahaba, Minza. Hongera kwa albamu, na wanaocheka waache wacheke, debe lao halijatoa hata wimbo mmoja. Lakini mwanangu, uzio ule ulidhani umewekwa kuzuia kuku? Ungemuuliza hata mama mkwe! Hukujua, sawa. Sasa unajua.

Leo hiihii utoe wimbo huo mtandaoni. Dastani mwambie redio wachague mwingine, na akinuna anune, albamu si yake. Bodaboda waombe mmoja mmoja waufute. Hutawapata wote, kwa hiyo usimdanganye Bibi kwamba umekwisha kabisa. Kisha mchukue mama mkwe mwende kwa Bibi Mwamina, gitaa libaki nyumbani. Habari za "kwetu haupo" usizitangulize. Omba radhi kwanza, na watakalokuamulia kina mama, lipokee.

Baadaye urekodi upya, gitaa peke yake, na pale walipokuwa wakiimba paache kimya. Mvua, mbuzi na kilio cha mtoto kwenye nyimbo nyingine usiviguse, hivyo ni vya nyumbani kwako.

Na mtoto nenda naye. Bibi akinyoosha mikono, usianze hotuba. Mpe.